Kamba ya Goti la Mama

Mimi ni mwoga wa maji na sioni haya kusema. Karai la kuogea likijaa sana nalitazama mara mbili kabla ya kuinama. Kwa hiyo akina mama wa kikundi chetu cha kanisa, huko kwetu karibu na Karurumo, waliponichagua niwatafutie ufuo wa bahari wa kwenda kupumzikia likizo ya Agosti, nilidhani wananitania. Hawakuwa na utani. Sababu yao ilikuwa moja: nilikuwa mwalimu wa jiografia katika shule ya msingi, na wao waliamini kwamba anayejua ramani anajua pia mahali penyewe.

"Mwalimu, hiyo bahari unaichora kwa ubao kila mwaka," mwenyekiti wetu aliniambia. "Sasa enda uione na macho."

Mwenyekiti alikuwa mama wa duka la nafaka, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde akaitika. Alitaka vitu viwili, usalama na picha nzuri, na alivitaka kwa kiasi kilekile.

"Sisi hatutaki mahali iko na papa," alisema. "Na hatutaki mahali wazungu wanalala nusu uchi, juu pasta ataona hizo picha. Lakini usitupeleke tu mahali yoyote. Wale wamama wa Runyenjes walienda wakarudi na picha ya mchanga chafu na mtumbwi imevunjika. Sisi tunataka bichi ile mtu akiona kwa ukuta ya sitting room anauliza, hapa ni wapi?"

Wenzangu walicheka. Nami nikacheka, lakini nusu nusu, maana katika wale waliokuwa wamejiandikisha kwenda, jina la kwanza kabisa lilikuwa la mama yangu.

Ni lazima nieleze habari ya mama na maji, la sivyo hofu yangu itaonekana ya kijinga. Mama alizaliwa ng'ambo ya mto Thuci, upande wa Meru, akaolewa huku upande wa Embu. Kwenda kwao alikuwa anavuka mto kwa miguu, mahali ambapo wanawake walikuwa wakivukia tangu zamani. Thuci hutoka mlimani. Huku chini unaweza kukuta jua kali, kuku wanajichimbia vumbi, na kule juu msituni mvua imenyesha tangu alfajiri. Maji yale yanateremka yamekusanyika, yanakufikia yakiwa na magogo na mawe, na wewe hata tone la mvua hujaliona. Ndiyo maana mtu wa kwetu, kabla hajatia mguu mtoni, huinua uso kwanza atazame Mlima Kenya. Ukiwa wazi, anavuka. Ukiwa umejifunika, anakaa upande wake, hata kama ng'ambo kuna harusi.

Dada yangu mkubwa hakuangalia. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa nyumbani. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, amebeba kiondo cha maharagwe ya kumpelekea cucu, bibi yetu mzaa mama. Aliteremka mbio mbele ya mama, akaingia mtoni bila kuinua uso, na maji yakamkuta katikati. Walimpata siku ya tatu, chini kabisa, upande wa Ishiara. Mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa, nilikuwa mgongoni mwa mama siku hiyo na sikumbuki lolote. Lakini nimelelewa na kifo kile. Kila tulipokosea jambo, hata kusahau kufunga mbuzi, kaka zangu walisema, "Utakuwa kama yule ambaye hakuangalia." Mama alikuwa akisikia, hasemi kitu, anaendelea na kazi yake.

Baada ya hapo mama hakuvuka Thuci tena kwa miguu. Daraja la magari lilipojengwa alizunguka kupitia huko, mwendo wa karibu siku nzima, na hakuwahi kulalamika. Sasa mwanamke huyo, na miaka yake sitini na kitu, alikuwa amesema anataka kuona bahari kabla hajafa.

Nilikwenda kwake jioni ile kumkanya.

"Kuna maji mengi kuliko unavyofikiri," nilimwambia kwa lugha yetu.

"Nitakaa kando."

"Hata kando ni maji."

"Basi wewe utanichagulia mahali," alisema. "Si wamesema wewe ndiye unajua? Unichagulie mahali ambapo maji hayafiki magotini. Yakipita magoti, naondoka."

Nikamwahidi. Nilimwahidi kwa mdomo wangu, nimesimama mlangoni pa jiko lake, kwamba nitamtafutia mahali ambapo maji hayafiki magotini. Kisha nikachukua kamba ya katani, nikampima kuanzia kisigino mpaka goti, nikapiga fundo.

"Unanipimia jeneza?" aliuliza.

"Nakupimia bahari."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka sana.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, kabla ya watu wa kwetu kuwa na simu za mkononi za kuulizia mambo. Nilianza kwa kumuuliza shemeji yangu wa Mikinduri, ambaye alikuwa akipeleka miraa Mombasa tangu ujana wake. Kama kuna mtu wa Meru aliyejua pwani, niliona, ni huyo. Alinitazama kwa huruma.

"Mimi nikifika huko ni mbio," alisema. "Miraa haingoji. Nashusha mzigo, nauza, narudi. Bahari nimeionea tu pale feri, na hapo nilikuwa nimefunga macho."

Msaada wangu wa kweli ukatoka mahali ambapo sikutarajia. Likizo ya Aprili niliitwa semina ya walimu, siku nne, Mombasa. Nilifunga sanduku, nikatia daftari, nikatia na ile kamba.

Ufuo wa kwanza niliufikia alasiri, baada ya masomo ya siku. Ulikuwa mzuri ajabu, minazi imeinama, mchanga mweupe. Nikavua viatu, nikakunja sketi, nikaingia nikihesabu hatua. Hatua ya saba maji yalipita fundo. Hatua ya tisa wimbi lilinipiga kifuani nikatoka nikikohoa. Niliandika kwenye daftari: hapana. Ufuo wa pili niliufikia jioni hiyohiyo. Huko kulikuwa na ngamia wa kupandwa, muziki, na vijana wa kukodisha maboya, na maji yalikuwa yamefika karibu na mizizi ya miti. Hapana. Kesho yake alasiri nilikwenda wa tatu, mwenzangu mmoja wa semina akanisindikiza kwa sababu alisema nilikuwa na sura ya mtu anayekwenda kujiua. Huko mchanga uliteremka ghafla, hatua nne tu mtu yuko kiunoni. Hapana kubwa, nikaipigia mstari chini.

Usiku nilianza kufikiria namna ya kumwambia mwenyekiti kwamba tubadilishe safari, twende tukaone ndovu.

Siku ya tatu masomo yalisukumwa mpaka mchana, nikapata asubuhi yangu. Nilikwenda ufuo wa nne, ambao sitautaja jina, kwa sababu kosa halikuwa lake. Nilifika kama saa nne. Nilisimama pale juu kwenye mivinje nikaona kitu ambacho sikuamini: bahari haikuwapo. Yaani ilikuwapo, lakini mbali, mstari mweupe wa mawimbi huko kwenye mwamba, na kati yangu na mstari ule palikuwa na mchanga uliolowa, vidimbwi, nyasi za baharini, na maji matulivu yenye rangi ya kijani ambayo mtu angemwogeshea mtoto. Wanawake wa huko walikuwa wakitembea mpaka kule mwambani na ndoo zao, wameshika vyuma vya kutolea pweza mashimoni. Niliingia. Hatua kumi, hatua hamsini, hatua mia. Nilishusha kamba. Maji yalifika kifundo cha mguu. Katikati, kwenye kijito kilichotenga ufuo na mwamba, ndiyo yalipanda kidogo, na hata hapo yalibaki vidole vinne chini ya fundo.

Nilitaka kulia. Lakini mimi si mtu wa kuamini jambo mara moja. Nilirudi siku ya nne, saa ileile ya asubuhi, kabla ya kufunga semina, ili nihakikishe. Nikakuta vilevile. Nikaandika kwenye daftari kwa herufi kubwa: HAPA.

Msomaji wa pwani ameshaniona mjinga tangu zamani, na ana haki. Lakini wa kwetu anielewe. Sisi tunajua maji ya aina moja tu, yanayoteremka. Mto una mahali pake pa kina na mahali pake pa kuvukia, na mahali hapo ni hapohapo leo na kesho. Ukibadilika ni kwa sababu mvua imenyesha, na mvua unaiona mlimani. Mimi nilichagua ufuo kama watu wetu wanavyochagua kivuko. Nilitafuta mahali pasipo na kina, basi.

Agosti tulikwenda, wanawake kumi na wawili. Tulifikia hosteli ya kanisa, na asubuhi iliyofuata, kabla ya saa nne na nusu, nikawatoa mbele ya ufuo wangu. Bahari ilikuwa mbali palepale nilipoiacha. Mwenyekiti akapiga kigelegele, akasema mwalimu huyu apewe shule yake mwenyewe. Sijawahi kusifiwa hivyo tena.

Mama alikuwa amevaa viatu vyake vya plastiki na kitambaa kipya cha kichwa. Kwenye kiondo alikuwa na nduma za kuchemsha, yale magimbi yetu, na chupa tupu ya soda, kwa sababu jirani zake walitaka waletewe maji ya bahari waonje kama kweli ni ya chumvi. Hakutazama maji. Aligeuka nyuma akatazama juu ya mivinje, akageuka kushoto, akageuka kulia.

"Mlima uko wapi?" aliniuliza.

"Huku hakuna mlima, mama."

"Sasa mtu anajuaje?"

Nilicheka kidogo, nikamwonyesha mbingu. Ilikuwa bluu kutoka pembe hadi pembe. "Angalia. Hakuna wingu hata moja. Mvua itatoka wapi?"

Alitazama juu kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Wewe umeangalia vizuri?" Nikasema nimeangalia. Akanishika mkono tukateremka.

Saba kati yetu walibaki kivulini na vyakula. Tukaenda watano mpaka mwambani: mimi, mama, mwenyekiti na kamera yake, na dada wawili wa kwaya. Kwenye kijito mama alisimama, akatazama magoti yake, akaona makavu, akaendelea. Huko mwambani alikuwa mtu mwingine. Aliinama kwenye kila kidimbwi. Aliona samaki wadogo wa manjano, akaona kiumbe chenye mikono mitano akakataa kwamba kiko hai mpaka kilipojisogeza. Mwenyekiti alitupanga na kutupangua, akatupiga picha tumeshikana viuno, mawimbi nyuma yetu. Mimi nilikaa juu ya jiwe, miguu ndani ya maji, ile kamba ya katani kiganjani, na nakumbuka niliwaza wazi kabisa: siogopi. Katika maisha yangu yote hiyo ndiyo saa moja niliyokuwa ndani ya maji bila kuogopa.

Wale wanawake wa pweza walianza kurudi ufuoni mmoja mmoja. Nilidhani wamemaliza kazi. Mmoja wao, mwanamke wa makamo aliyejifunga leso mbili, alipita karibu nasi na ndoo yake.

"Mama, maji yanajaa," aliniambia. "Rudini."

Niliinua uso nikatazama mbingu. Naapa sikufikiri, shingo iliinuka yenyewe, kama ilivyofundishwa. Hapakuwa na wingu.

"Hakuna mvua," nilimjibu.

Alinitazama. "Mvua ya nini?" alisema, na kwa kuwa mimi niligeuka nikaendelea na mambo yangu, naye akaendelea na njia yake.

Sijui ni muda gani ulipita, labda robo saa, labda zaidi. Kilichonishtua ni kiondo cha mama. Tulikuwa tumekiweka juu ya jiwe kavu, nami nikakiona kinaelea taratibu kuja kwangu, nduma zikiwa ndani. Niliruka nikakidaka, nikakitundika begani, nikageuka nyuma.

Kijito hakikuwapo. Mahali pake palikuwa na maji mapana, ya bluu nzito, na yalikuwa yakienda. Hayakupiga kelele, hayakutoa povu, yalikuwa yanasogea tu kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, na ule mchanga wote tuliokuwa tumeukanyaga ulikuwa chini yake. Wenzetu kwenye mivinje walikuwa wadogo sana. Walikuwa wamesimama wote.

Hapo ndipo nilipokumbuka ubao. Kupwa na kujaa kwa maji ya bahari. Mviringo wa dunia, mviringo mdogo wa mwezi, mshale. Nilikuwa nimelifundisha somo lile darasa baada ya darasa, nimeliwekea alama za vema kwa kalamu nyekundu, na sikuwahi hata siku moja kufikiri kwamba ni kitu kinachoweza kumkuta mama yangu.  Nilihisi haja ndogo inanitoka na sikuweza kuizuia.

Mwenyekiti ndiye aliyeona baada yangu. Alikumbatia kamera akaanza kukimbia moja kwa moja kuelekea ufuoni, pale maji yalipokuwa laini na tulivu zaidi.

"Simama!"

Aliyepiga kelele ni mama. Sikuwahi kusikia sauti ile kwake. Mwenyekiti alisimama, maji yako mapajani.

"Hayo yamenyamaza," mama alisema. "Yaliyonyamaza ni marefu. Rudi hapa."

Na mwenyekiti, ambaye hakuwahi kumtii mtu, akarudi.

Mama alitupanga kama wanawake wa kijijini kwake walivyokuwa wakivuka Thuci wakati wa masika. Tuliposhikana viganja alitikisa kichwa: si vidole, vidole vinachomoka, shika kifundo cha mkono wa mwenzako, naye akushike chako. Alisimama yeye mwisho wa mstari, upande ambao maji yalikuwa yanatokea, ili yampige yeye kwanza. Nilimwambia nikae mimi pale. Alinisukuma kwa kiwiko. Tusiinue miguu, alisema, tuiburute. Tusitazame maji, tutazame miti. Kisha akaniuliza, "Wapi?"

Sikujua. Hilo ndilo jambo baya kuliko yote niliyowahi kusikia likitoka kwangu. Mimi niliyepima, mimi niliyeandika HAPA, nilimwambia mama yangu, "Sijui."

Wakati huo yule mwanamke wa pweza alikuwa amefika mchangani. Nilimwona anageuka, anatuona, anaweka ndoo chini. Akaingia tena majini na leso zake, mpaka kiunoni, akawa anapunga mkono wote kuelekea kushoto.

"Huku!" alipaza sauti. "Msije hapo! Zungukeni huku kwenye mchanga mweupe!"

Tulikwenda kushoto, mkondo ukitusukuma. Maji yalipita fundo la kamba. Najua, maana kamba ilikuwa mkononi mwangu bado, nimeizungushia kiganjani, na fundo lile lilikuwa linanichoma. Yakapita mapaja. Mwenyekiti, kamera ameifunga juu ya kichwa kwa kitambaa, alikuwa akiomba kwa sauti, dada mmoja wa kwaya akiitikia. Mimi sikuomba. Nilikuwa nahesabu mapigo kwenye mkono wa mama. Yakafika kiunoni, na kwa mama, aliyekuwa mfupi kuliko mimi, yalifika chini ya matiti. Mahali fulani mchanga ulitoweka chini ya mguu wangu, nikazama mpaka pua, nikameza chumvi, na kucha za mama zikaingia ndani ya nyama yangu zikabaki humo. Hakuachia. Nilipata mchanga tena. Yule mwanamke akamfikia mama, akamshika kwapani, akasema, "Haya bibi, haya bibi, pole pole." Yakashuka kiunoni, yakashuka magotini. Tulipotoka, wenzetu walikuwa wanalia kana kwamba tumekufa.

Yule mwanamke alikamua leso zake.

"Nilikwambia maji yanajaa," aliniambia bila ukali.

"Uliniambia."

"Kwenu bara maji hayarudi?"

"Kwetu yanateremka tu," nilisema.

Alitikisa kichwa, akachukua ndoo yake. Mwenyekiti alimfuata kumpa leso yake mpya, akaipokea. Sikumuuliza jina, na hilo linanisumbua.

Mama alikuwa amekaa chini peke yake, kiatu kimoja mguuni, kingine kimekwenda na maji. Nilikaa karibu naye. Mkono wangu ulikuwa na alama nne zinazotoa damu. Nilitaka kumwomba msamaha.

"Mama," nilisema mwishowe, "niliangalia. Mbingu ilikuwa wazi. Haki ya Mungu niliangalia."

"Najua. Nilikuona."

 Halafu akasema, huku anafuta mchanga kwenye mguu ule usio na kiatu:

"Hata siku ile kulikuwa wazi."

Sikuelewa siku gani. Alipoona sielewi, akaendelea, sauti yake ndogo.

"Dada yako hakukimbia. Alifika mtoni akasimama, akaningoja. Aliniuliza, 'Mama, umeangalia?' Nikaangalia. Mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni. Nikamwambia, vuka."

Wenzetu walikuwa wakiongea nyuma yetu, wakitoa nguo kavu. 

"Mvua ilikuwa imenyesha upande ule usioonekana kutoka kwetu," alisema. "Niliingia kumfuata. Nilifika mpaka kiunoni. Nilikuwa nimekubeba wewe, na maji yalikuwa yamekushika miguu, ukaanza kulia. Nikarudi."

"Mbona ulisema hakuangalia?"

"Waliniuliza pale mazishini kama aliangalia. Nilishindwa kujibu. Baba yako akasema, mtoto hakuangalia. Nikaacha iwe hivyo." Alinitazama. "Sasa wewe usije ukaacha. Ukiulizwa nyumbani, useme uliangalia, na maji yakaja."

Kisha akaniomba nisiwaambie kaka zangu mpaka yeye aondoke duniani. Sikumwambia mtu. Tuliporudi, mwenyekiti alitundika picha ile kwenye ukuta wa duka lake, sisi wanne tumeshikana viuno mawimbi nyuma yetu, na kila aliyeingia kununua ndengu aliuliza hapa ni wapi. Chupa ya maji ya bahari hatukuileta. Mama alisema ilianguka.

Tumemzika mwaka jana, naye ndiye aliyenipa ruhusa ya kuandika haya. Watu bado huniuliza kuhusu fuo, kwa sababu ya ile picha, na mimi huwaambia wamtafute kwanza mtu wa pale awaambie maji yanarudi saa ngapi, na wakiambiwa warudi, wageuke hapohapo bila kutazama juu. Hilo ni la bahari. La nyumbani nililisema baada ya mazishi, tukiwa tumekaa jikoni kwake, kaka zangu wote wawili wazee sasa. Niliwaambia dada yetu alisimama, akauliza, akajibiwa. Kaka mkubwa aliniuliza nimejuaje. Nilikunja mkono wa sweta nikamwonyesha zile alama nne za kucha za mama.